Chungu Kimoja, Moto Mmoja

Leo naomba tumzungumzie mlaji mdogo kuliko wote nyumbani: mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili. Tuzungumzie chakula anachopikiwa nyumbani, na katika mazungumzo hayo hayo tuzungumzie kuni, udongo na ziwa. Huku kwetu Mbinga na Nyasa mambo haya yanakwenda pamoja. Anayekata mti apate kuni za kupikia uji, anayelima ngoro apate maharage, anayeanika samaki wadogo waitwao usipa ufukweni, wote hao wanaligusa bakuli la mtoto.

Nianze na jambo linaloumiza. Mkoa wa Ruvuma unalisha nchi. Kila msimu malori yanabeba mahindi yetu kupeleka kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kwenye masoko ya mbali. Milima ya Umatengo inatoa maharage, ndizi, ngano na kahawa. Mwambao wa Ziwa Nyasa unatoa samaki, muhogo, mpunga na maembe. Lakini utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulituambia kwamba katika kila watoto 100 wa Ruvuma wenye umri chini ya miaka mitano, karibu 36 wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Majirani zetu wa Njombe na Iringa, nao wakulima hodari, walikuwa pabaya zaidi: Njombe 50, Iringa karibu 57. Ni kweli tumepiga hatua, maana mwaka 2018 hesabu yetu ilikuwa 41. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja ya watoto wetu walikuwa bado wanakua pungufu katika mkoa wenye neema.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Huo ufupi ndio tunaouona kwa macho. Tusichokiona ni ubongo uliokosa vijenzi vyake wakati ulipokuwa ukivihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na mwili usio na kinga ya kutosha. Nyumba nyingi zenye mtoto kama huyo zina mahindi stoo, zina maharage kwenye debe, zina boga uani na usipa mkavu jikoni. Shida inaanzia pale mtoto anapofikisha miezi sita akaanza kupewa uji mweupe wa mahindi, mwepesi, asubuhi, mchana na jioni, vyakula vingine vyote vikiachwa kwa watu wazima.

Wengi wetu tukisikia neno lishe, mawazo yanakimbilia dukani. Fedha za kahawa zikiingia, baba mwenye mapenzi na mwanawe ananunua kopo au pakiti yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Simlaumu, ametaka mema. Lakini tuitazame safari ya pakiti ile. Imetoka kiwandani mbali, imesafirishwa kwa meli na kwa lori, imepanda mpaka Mbinga kwa gharama. Mtoto anaimaliza kwa siku chache, na pakiti inabaki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lakini vifungashio vya vyakula bado vipo, na kijijini hakuna gari la taka. Vinachomwa nyuma ya jiko, moshi wake anauvuta mtoto yule yule, au mvua inavisomba hadi mtoni, na mito yetu inaishia ziwani. Na fedha zikiisha, mtoto anarudishwa kwenye uji mweupe.

Ninalotaka kuwaambia leo ni hili. Chakula bora cha mtoto wa Mbinga na Nyasa kimo ndani ya chungu cha familia, juu ya moto ule ule mnaoupikia, kutoka shamba lile lile na ziwa lile lile. Na njia hiyo inayomjenga mtoto ndiyo hiyo hiyo inayookoa mti, udongo na samaki.

Twende hatua kwa hatua.

Miezi sita ya mwanzo haina mapishi. Ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila kitu kingine ila dawa aliyoandika mganga wa kituo cha afya. Hayahitaji kuni wala chombo. Baada ya miezi sita maziwa ya mama yanaendelea, yakiwezekana hadi miaka miwili na zaidi, lakini peke yake hayatoshi tena. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekadiria kwamba mtoto anayenyonya vizuri, akiwa na miezi sita hadi minane, anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula. Miezi tisa hadi 11 zinafika 300. Baada ya mwaka mmoja zinafika 550. Tumbo lake, kwa upande mwingine, ni dogo mno. Kikombe kidogo kimoja kinalijaza. Ukimjaza uji ulio maji matupu, atashiba, atalala, na mwili wake utabaki na njaa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu jibu la tatizo hili liko mikononi mwa wanawake wetu tangu zamani. Ni kimea. Kila anayepika pombe ya kienyeji au togwa anakijua. Unaloweka ulezi usiku kucha, unauchuja maji, unaufunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unauanika ukauke vizuri, unapukuta vile vichipukizi na vijizizi, kisha unasaga. Mbegu ikichipua inatengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg waliandika matokeo ya kazi yao hapa Tanzania juu ya unga huo. Upike uji mzito sana, mzito ambao mtoto hawezi kuumeza. Uepue, upoe kidogo, ubaki wa vuguvugu. Tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Utaona kwa macho yako uji ule ukilegea mpaka unamiminika, na nguvu yake yote imo ndani. Urudishe motoni uchemke tena dakika chache ili kuua vijidudu, basi. Kikombe kile kile kidogo sasa kinabeba unga hata maradufu ya ule wa uji mwepesi.

Nasema ulezi kwa makusudi. Vichipukizi vya mtama vina sumu, kwa hiyo mtama uliochipua usitumiwe kwa mtoto kwa kubahatisha. Ulezi ni salama, unastawi kwetu, na mama anayetengeneza kimea cha pombe anaweza kuweka kando bakuli moja kwa ajili ya mtoto. Ujuzi uliokuwa ukitumika kwa ajili ya kilabu uingie sasa kwenye bakuli la mtoto.

Nguvu peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji vijenzi, madini na vitamini, na hapo napanda milimani kwenye ngoro.

Wasikilizaji wa mwambao, na vijana mliokulia mjini, tazameni kazi ya Wamatengo kwenye miteremko ya Mbinga. Nyasi zinakatwa na kulazwa katika mistari inayokatana, kwa desturi kazi ya wanaume. Kisha wanawake wanafukua udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi. Mlima mzima unajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta; hayo ndiyo ngoro. Mvua ikinyesha, maji yanatua shimoni badala ya kuteremka na udongo; nyasi zinaoza chini ya tuta na kuwa mbolea. Juu ya matuta wanapanda maharage, na msimu unaofuata mahindi, kwa kupokezana. Wamatengo wamelima hivyo kwa vizazi vingi kwenye miteremko mikali, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Japani wamekuja kujifunza kwao.

Sasa uone uhusiano. Kupokezana mahindi na maharage kunakoufaa udongo ndiko kunakomfaa mtoto. Mahindi yana upungufu wa vijenzi fulani vya protini ambavyo maharage yanavyo, na maharage yana upungufu ambao mahindi yanaufidia. Shamba limeshapanga mlo; iliyobaki ni sisi kuupanga vivyo hivyo kwenye bakuli. Chota maharage yaliyoiva ya familia kabla hujatia chumvi na pilipili, yaponde kwa mwiko, yapitishe kwenye chujio kuondoa maganda, changanya na uji au na ndizi zilizopondwa. Hujawasha moto mwingine. Hujasafisha sufuria nyingine. Parachichi la uani halihitaji hata moto. Lipondwe kwa kijiko safi, na mtoto ale.

Maharage yanakula kuni nyingi, hilo kila mpishi analijua. Kwa hiyo yaloweke tangu usiku, umwage yale maji, yapike kwa maji mapya. Yataiva mapema, na madini yake yatachukuliwa na mwili kwa urahisi zaidi. Yakishachemka vizuri kwa muda, unaweza kuitia sufuria, mfuniko ukiwa umebana, ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na matambara mazito, ukalifunika juu. Joto lililomo ndani linaendelea kuivisha wakati wewe uko shambani. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kumpa mtoto. Na jiko banifu la udongo, ambalo fundi wa kijijini anaweza kulijenga, linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu na kupunguza moshi. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini mtoto aliyezaliwa wiki hii hapa Kigonsera au Maguu hatakuwa mtoto mdogo tena wakati huo. Kuni tunazookoa sasa ni saa za mama yake, ni mapafu yake, na ni miombo inayobaki imesimama kwenye vyanzo vya maji.

Tuteremke sasa kwenye barabara ya lami, kilomita 66 kutoka Mbinga, tufike Mbamba Bay.

Mwambao una hazina ambayo milima haina. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani. Usipa, samaki mdogo anayevuliwa usiku kwa taa, ni wa ziwa hili. Kwa sababu analiwa mzima, na mifupa yake, anampa mtoto madini ya chokaa, madini ya chuma, na protini, katika umbo linalohifadhika bila jokofu.

Kuna utafiti ninaoupenda sana kwa sababu ulifanyika kwenye ziwa letu hili hili, upande wa Malawi, wilaya ya Mangochi. Kule Ecuador, mwaka 2017, watafiti walikuwa wametangaza kwamba yai moja kila siku kwa miezi sita lilipunguza sana udumavu kwa watoto wadogo. Basi wengine wakaenda Mangochi, wakachukua watoto 660 wa miezi sita hadi tisa, nusu yao wakapewa yai kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: kwa ujumla, yai halikuongeza urefu kuliko wale wasiopewa. Kwa nini? Watafiti waliona kwamba watoto wa pale hawakuwa wamedumaa kwa wingi tangu mwanzo, na kwamba wengi walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwa. Mimi nalisoma hilo kama ushahidi wa thamani ya kile kilichoko ufukweni mwetu. Yai bado ni chakula bora, hasa kwa mtoto wa mlimani asiyepata samaki kila siku. Na ile imani iliyoko katika baadhi ya familia kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema, nawaomba bibi zetu kwa heshima yote, tuiache.

Unga wa usipa unatengenezwa hivi. Chagua usipa aliyekaushwa vizuri, asiye na chumvi wala harufu mbaya. Mpepete kwenye ungo kuondoa mchanga, msuuze kwa maji ya moto, mwanike tena akauke kabisa au mkaange bila mafuta kwa moto mdogo. Mtwange kwenye kinu, umchekeche. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, hata chupa ya kioo iliyokwisha kazi yake, ukiisafisha kwa maji yanayochemka. Tia kijiko kimoja kwenye uji wakati bado unachemka. Mwambaoni hili ni muhimu zaidi, kwa sababu ugali na uji wa muhogo una nguvu lakini protini yake ni kidogo sana. Bila usipa au maharage, mtoto anajazwa tumbo tu. Na muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa vizuri kama mlivyofundishwa na wazee, kuondoa sumu yake.

Ndugu zangu wavuvi, hapa nasema na ninyi. Usipa akianikwa kwenye chanja zilizoinuliwa juu, anakauka safi, kwa jua la bure, bila mchanga, bila kinyesi cha mbuzi na kuku, na bila gogo hata moja la miombo. Huo ndio usipa wa mtoto. Lakini chandarua cha mbu kikigeuzwa kuwa wavu, kinazoa vifaranga vya samaki kabla havijakua, na anayekosa samaki mwakani ni mtoto wa mvuvi mwenyewe. Kulinda mazalia ya samaki ni sehemu ya kumlisha mtoto, sawasawa na kupika.

Sasa mboga na matunda. Majani ya maboga, matembele, mchicha, mnafu, kisamvu: katakata ndogo sana kabla ya kupika, chota kwenye mboga ya familia, ponda, ongeza karanga zilizosagwa au tone la mafuta ili vitamini A ipokelewe na mwili. Mfuatishie embe, papai au pera, kwa sababu vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi, vipandwe uani. Msimu wa masuku yakiwa porini, na maembe yakianguka mwambaoni Lituhi mpaka yanaoza, mtoto asikose. Maganda na makapi mpe kuku, kuku akupe yai. Kinachobaki kiende kwenye mboji, kirudi shambani. Asali, ingawa misitu yetu inaitoa nzuri, isubiri mpaka mtoto atimize mwaka mmoja.

Naomba pia tuzungumze wazi juu ya unga wa lishe. Siku hizi unakuta mama anasagisha pamoja mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga, aina saba au nane, akiamini wingi ndiyo ubora. Nafaka nyingi pamoja hazimwongezei mtoto sana, kwa kuwa zote ni kundi moja. Tena soya isiyokaangwa au kuchemshwa inasumbua tumbo, na karanga zilizosagwa zikikaa muda zinachacha. Saga nafaka moja. Vyakula vya makundi mengine viongeze wakati wa kupika, vikiwa vipya.

Na kabla ya kusaga, chagua. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki, baada ya kula mahindi yaliyoingia ukungu. Sumu hiyo haionekani na haitoki kwa kupika, na inahusishwa pia na kudumaa. Anika mahindi na karanga juu ya turubai au chanja, mpaka zikauke kabisa. Punje iliyooza, iliyosinyaa au yenye rangi ya ukungu itupwe. Asipewe mtoto, wala isitunzwe kwa ajili ya pombe.

Usafi nao una nafasi yake: nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji, tumia kikombe na kijiko kinachosuguliwa kikatakata, achana na chupa ya plastiki yenye chuchu, ambayo haisafishiki vizuri na ikichakaa inageuka taka. Pika kiasi atakachomaliza. Uji uliokaa tangu asubuhi mpe kaka yake mapema au kuku. Usimwekee mtoto mpaka jioni.

Najua kuna mama anayenisikiliza akisema moyoni: yote haya nitayafanya saa ngapi? Ana haki kuuliza. Anaamka kabla ya jua, anateka maji, anakwenda ngoro, msimu wa kahawa anachuma tangu asubuhi, anarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto wa miezi tisa anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, pamoja na kunyonya, na mikono ya mama ni miwili. Ndiyo maana nimesisitiza chungu kimoja. Na ndiyo maana neno langu la mwisho ni kwa wengine.

Baba, kwenye ngoro desturi imekupa nyasi na mkeo udongo. Nyumbani nako gawaneni. Jenga jiko banifu. Leta kuni au maji. Fedha za kahawa zikija, nunua kuku wawili wa mayai na debe la usipa kutoka Mbamba Bay kabla ya kopo lenye picha. Mlishe mwanao mwenyewe, kijiko kwa kijiko, uone anavyokula.

Viongozi wa vijiji, ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji isiishie kwenye mizani na kadi. Wekeni chungu hapo mbele ya watu, bibi anayejua kimea aonyeshe uji unavyolegea, mvuvi alete usipa safi, mkulima alete maharage, akina baba wawepo. Na mahindi yakipimwa kwa ajili ya soko, kila nyumba ihesabu kwanza maharage, karanga na ulezi wa mtoto kwa mwaka mzima, iviweke kando, ndipo mengine yauzwe. Mkoa unaolisha nchi unaweza kuwalisha watoto wake, na tuanze na mlo wa jioni hii hii.